Okot p'Bitek: Alipigwa Kalamu Kampala, Akashika Kalamu Nai
Maze, ukidhani waandishi wa Nai wameanza kukosoana juzi, hujui story ya Okot p'Bitek. Msee wa Gulu, alizaliwa 1931. Alienda Uingereza 1956 na timu ya mpira ya Uganda, akabaki kusoma. 1966 East African Publishing House ya Nairobi ikatoa Song of Lawino, ikabamba vibaya. Lakini mdomo una bei: alikosoa serikali ya Obote, akapigwa kalamu. Chuo Kikuu cha Nairobi, hapo tu kando ya tao, kikampa darasa. Msomi mwenzake Taban lo Liyong hakumbembeleza: alidai Kiingereza cha Lawino kimeacha uzito wa Kiacholi njiani. Okot hakuzima. 1971 akatoa Song of Prisoner. Alifariki 1982, miaka 51. Nawe ukikosolewa, jibu na kitabu.