Bleek, Mjerumani aliyezipa lugha za Kibantu jina lao

Mfanyabiashara anayevuka Mutukula au Rusumo hugundua mapema kwamba watu wa Kiswahili huitwa abantu ng'ambo ya pili, iwe kwa Kiganda au kwa Kinyarwanda. Aliyelichukua neno hilo na kulifanya jina la ukoo mzima wa lugha alikuwa Mjerumani aliyefanya kazi yake mbali na mipaka hiyo, Cape Town.

Wilhelm Bleek alizaliwa Berlin mwaka 1827, baba yake akiwa profesa wa teolojia. Mwaka 1851 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Bonn kwa tasnifu ya Kilatini iliyohusu ngeli za majina katika lugha za Afrika. Wasomi wa Ulaya wakati huo walizoea Kilatini na Kigiriki, ambazo hubadilisha zaidi mwisho wa neno. Huku kwetu mambo huanzia mbele, na jina moja huburuta sentensi yote: gunia zito limefika, magunia mazito yamefika. Bleek aliutafuta undugu wa lugha hapo, kwenye kichwa cha neno.

Mwaka 1854 alijiunga na msafara wa Mto Niger, maradhi yakamrudisha. Mwaka uliofuata alifika Natal na Askofu Colenso ili aandike sarufi ya Kizulu, na mwaka 1856 akahamia Cape Town kwa Gavana Sir George Grey, aliyemkabidhi maktaba yake. Mwaka huohuo ilichapishwa London orodha ya maneno aliyoihariri, kuanzia Sofala na Tete hadi Anjouan kule Komoro.

Sarufi yake linganishi ilitoka kwa mafungu, la sauti mwaka 1862 na la majina mwaka 1869. Ngeli alizipa namba, na wanaisimu wa leo bado wanahesabu kwa mfumo uliotokana na wake: mtu 1, watu 2, mti 3, miti 4.

Si kila neno hutii jina, bila shaka. Leo, sana na kwa hazibadiliki kamwe. Vivumishi kadhaa vilivyotoka Kiarabuni navyo vimegoma: nguo ghali, mahindi ghali, viatu ghali. Mgeni sokoni anayebabaika kati ya nzuri, mazuri na vizuri hupumua akifika hapo. Lakini maneno ya kuazima huja na meli, wakati utaratibu wa upatanisho hurithiwa. Ndiyo sababu Kiswahili, pamoja na Kiarabu chote kilichomo, Bleek alikiweka palepale na Kizulu.

Alikosea pia, tena vibaya. Aliamini kwamba lugha zinazogawa majina kwa jinsia ya kiume na ya kike huwapa wasemaji wake mawazo ya juu kuliko zile za ngeli. Methali na ngano zetu zinatosha kumjibu.

Fungu la vitenzi halikuandikwa. Kuanzia mwaka 1870 Bleek aliiweka sarufi kando, kwa sababu lugha nyingine ilikuwa inakufa. Wasani waliozungumza /Xam walikuwa wakiuawa na kunyang'anywa ardhi na walowezi, na baadhi yao walifungwa katika gereza la bandari ya Cape Town. Serikali ilimruhusu kuwachukua wachache wakakae nyumbani kwake Mowbray. Walimu wake wakawa wafungwa hao, akiwemo mzee //Kabbo. Lugha yao haikuwa na ngeli za Kibantu, hivyo ufunguo aliouzoea haukufungua kitu. Alianza upya, neno kwa neno, pamoja na shemeji yake Lucy Lloyd.

Bleek alifariki Agosti 1875 akiwa na miaka 48. Lloyd aliendelea na kazi, na sehemu ya masimulizi hayo ikawa kitabu mwaka 1911. Madaftari yao yana kurasa zaidi ya 12,000. Hakuna tena anayezungumza /Xam kama lugha ya mama, ingawa tangu mwaka 2000 kaulimbiu iliyo kwenye nembo ya taifa la Afrika Kusini imeandikwa kwa lugha hiyo.