Kiwanda na Sauti ya Mkulima: Funzo la Muindi Mbingu

Kila yanapozuka mazungumzo ya kujenga viwanda mashambani ili vijana wa Kilungu wapate kazi, mimi humkumbuka Muindi Mbingu. Wanafunzi wengi hulijua jina lake kutokana na barabara iliyoko katikati ya jiji la Nairobi. Ni wachache wanaojua kwamba kisa kilichompa sifa kilihusu pia kiwanda.

Muindi alikuwa mtu wa Ngelani, wilayani Machakos. Siku hizo Kilungu nayo ilikuwa katika wilaya hiyo, kwani Makueni ilikuja kuwa wilaya mwaka 1992. Ardhi ya Wakamba ilikuwa imebanwa na mashamba ya walowezi. Malisho yakapungua, udongo ukamomonyoka. Serikali ya kikoloni iliona dawa ni kupunguza mifugo kwa nguvu. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilijenga kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei ya chini. Mwaka 1938 mifugo ilitwaliwa na kupigwa mnada bila mwenyewe kuwa na kauli juu ya bei.

Hapo ndipo Muindi aliposimama. Aliongoza chama cha Ukamba Members Association, na mnamo Julai 1938 umati wa wanaume, wanawake na watoto ulikwenda Nairobi, ukapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa ukitaka kuonana na Gavana Brooke-Popham. Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali na jamaa zake. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kwisha, serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo. Mwenyewe alifariki katika miaka ya 1950, bila kuuona uhuru.

Wapo watakaodai kwamba mtu huyu alipinga maendeleo. Sikubaliani nao. Alichopinga ni kiwanda kushibishwa kwa jasho la mfugaji asiyesikilizwa.

Leo suala hilo limerudi kwa sura ya matunda. Maembe huiva kwa wakati mmoja, na mkulima asiye na pa kuyahifadhi humwuzia dalali kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana kiwanda cha matunda kilichofunguliwa Kalamba, Kaunti ya Makueni, mwaka 2017 kilipokelewa kwa matumaini. Matunda yakisindikwa karibu na shamba, mshahara wa kuyachambua, kuyakamua na kuyasafirisha hubaki kijijini.

Lakini ajira pekee haitoshi. Watu wa Kilungu wakijengewa kiwanda chao, na waulize: ni nani atakayepanga bei? Ni nani atakayesimamia mizani? Je, mkulima atakuwa na kiti katika halmashauri, au atasubiri langoni na gunia lake?

Nawasihi walimu wanaofundisha historia ya mwaka 1938 wasiishie kwenye tarehe na majina. Wawaulize wanafunzi maswali hayo matatu, kwa maana ndio watakaokuwa wakulima na mameneja wa kesho.