Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll

Josslyn Victor Hay, Earl wa 22 wa Erroll (11 Mei 1901 – 24 Januari 1941) alikuwa kabaila wa Uskoti, mlowezi na mwanasiasa katika koloni la Kenya. Anakumbukwa hasa kwa sababu aliuawa karibu na Nairobi, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo.

Maisha ya awali

Alizaliwa London, mtoto wa kwanza wa mwanadiplomasia Victor Hay. Alisoma Eton, akafukuzwa shule. Miaka ya 1920–1922 alifanya kazi katika ubalozi wa Uingereza mjini Berlin. Mwaka 1923 alimwoa Idina Sackville, na mwaka uliofuata walihamia Kenya. Baba yake alipofariki mwaka 1928 alirithi cheo cha Earl.

Maisha nchini Kenya

Walikaa bonde la Wanjohi, chini ya milima ya Nyandarua, katika nyanda za juu ambazo serikali ya kikoloni ilizitenga kwa ajili ya Wazungu. Waafrika walikuwa huko kama vibarua na maskwota, na wanaume walilazimika kubeba kipande. Walowezi matajiri wa bonde hilo, waliojulikana kama kundi la Happy Valley, walisifika kwa ulevi na uzinzi.

Idina na Hay walitalikiana mwaka 1930. Hay akamwoa Mary Ramsay-Hill, wakaishi Oserian, kando ya ziwa Naivasha. Mary alifariki mwaka 1939.

Siasa

Mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza cha Oswald Mosley. Mwaka 1939 alichaguliwa kuwakilisha Kiambu katika Baraza la Kutunga Sheria, ambalo wakati huo halikuwa na mjumbe yeyote Mwafrika. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alipewa kazi ya katibu wa kijeshi wa koloni.

Kifo na kesi

Mwishoni mwa 1940 alianza uhusiano wa kimapenzi na Diana, mke mpya wa Sir Jock Delves Broughton. Usiku wa kuamkia 24 Januari 1941 alimrudisha Diana nyumbani Karen. Mnamo saa tisa usiku Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa waliikuta gari yake kando ya njia panda ya barabara ya Ngong. Mwanzoni ilidhaniwa ni ajali. Baadaye jeraha la risasi lilionekana karibu na sikio.

Broughton alikamatwa mwezi Machi. Upande wa mashtaka ulidai kwamba alitumia bastola ya Colt, mojawapo ya mbili alizoripoti kuwa zimeibwa siku chache kabla ya mauaji. Wakili wake, Harry Morris kutoka Afrika Kusini, alionyesha kwamba mtutu wa Colt una mifereji sita inayozunguka kushoto, lakini risasi zilizoua zilikuwa na alama tano zinazozunguka kulia. Silaha yenyewe haikupatikana. Tarehe 1 Julai 1941 baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, lilimwachia huru.

Baada ya kesi

Broughton alijiua kwa mofini mjini Liverpool mwezi Desemba 1942. Wengine wametajwa kuwa washukiwa, wakiwemo wapenzi wa zamani wa Hay na hata majasusi wa Uingereza, lakini hakuna dai lililothibitishwa.

Hay alizikwa Kiambu. Cheo chake kilirithiwa na binti yake Diana, aliyezaliwa mwaka 1926. Kitabu cha James Fox kuhusu mauaji hayo kilitoka mwaka 1982, na filamu iliyotokana nacho mwaka 1987.