Sultan Abdulhamid na hadithi za upelelezi za usiku

Tangu tamthilia ya Kituruki ya Payitaht Abdülhamid ianze kuonyeshwa mwaka 2017, Sultan Abdulhamid wa Pili amerudi midomoni mwa watu kama aliyefariki juzi. Kwenye tamthilia ile anagundua kila njama kabla haijaiva. Anafumbua fumbo moja asubuhi na jingine jioni, na maadui wanabaki kuuma vidole. Chumvi imetiwa nyingi. Lakini jambo moja halikuzuliwa na waandishi wa televisheni: Sultan huyu alikuwa mpenzi mkubwa wa hadithi za upelelezi, na kwa miaka zaidi ya thelathini ya utawala wake hakuchoka nazo.

Abdulhamid alizaliwa Istanbul tarehe 21 Septemba 1842, mtoto wa Sultan Abdulmajid. Mamake, Tirimüjgan, alifariki kwa kifua kikuu mtoto akiwa na miaka kama kumi. Akalelewa na mke mwingine wa babake, Bi Perestu, ambaye hakuwa na mtoto wake wa kumzaa, naye alipokuja kutawala akampa heshima yote ya mama wa Sultan. Hakutarajiwa kukalia kiti. Alikuwa na kaka, Murad, aliyependwa na watu, na yeye akabaki pembeni, kijana mkimya, mwangalifu wa pesa, anayependa useremala. Na si useremala wa mchezo. Alikuwa fundi hasa, na samani alizozitengeneza kwa mkono wake zipo hadi leo. Mwaka 1867 alifuatana na ami yake, Sultan Abdulaziz, katika safari ya Paris, London na Vienna.

Ami huyu ndiye kiini cha habari yote.

Tarehe 30 Mei 1876 mawaziri na wakuu wa jeshi walimwondoa Abdulaziz madarakani. Siku chache baadaye, tarehe 4 Juni, akakutwa chumbani kwake katika jumba la Feriye, kando ya Bosphorus, mishipa ya mikono imekatwa na damu imemwagika. Ilielezwa kwamba alikuwa ameomba mkasi wa kupunguzia ndevu. Madaktari 19, wakiwamo wa balozi za kigeni, wakatia sahihi kwamba amejiua mwenyewe. Baadaye yakaanza maneno: kwamba mwili haukuchunguzwa wote, kwamba mtu hawezi kujikata mikono yote miwili vile, kwamba mawaziri waliomwondoa walikuwa na sababu ya kumwogopa akiwa hai. Chumba, mkasi, maiti ya mfalme, na kila mwenye kutoa ushahidi ana lake. Mwandishi wa riwaya angetaka nini zaidi?

Murad aliwekwa kitini, lakini akili yake haikustahimili mshtuko. Baada ya siku 93 naye akaondolewa, na tarehe 31 Agosti 1876 Abdulhamid akawa Sultan na Khalifa akiwa hajatimiza miaka 34. Kaka yake alifungiwa pamoja na jamaa zake katika jumba la Çırağan, akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1904.

Mtu aliyepata ufalme kwa mlango huo halali usingizi mnono. Ami ameondolewa na mawaziri, kaka ameondolewa na mawaziri wale wale, wa tatu ni yeye. Alihama jumba la Dolmabahçe lililo ufukweni, ambapo meli ya vita ingeweza kumfikia, akapanda mlimani Yıldız, nyuma ya kuta na bustani. Katiba aliyoikubali Desemba 1876 hakuifuta, ila bunge lililotokana nayo alilifunga Februari 1878, na likabaki limefungwa miaka thelathini.

Huko Yıldız ndiko ada yake ya usiku ilikoshika mizizi. Akishapanda kitandani, mtu alikaa nyuma ya pazia na kumsomea kitabu kwa sauti hadi usingizi umchukue. Msomaji aliyejulikana zaidi ni İsmet Bey, ndugu yake wa kunyonya, msimamizi wa mavazi yake na mmoja wa watu wachache mno aliowaamini. Binti yake Sultan, Bi Ayşe, alikuja kuyaeleza haya katika kitabu cha kumbukumbu kuhusu babake. Pale kasri palikuwa na wafasiri ambao kazi yao ilikuwa kugeuza riwaya za Ulaya kuwa Kituruki kwa ajili ya sikio la mtu mmoja. Kwanza zilikuwa za Kifaransa, za akina Ponson du Terrail na Émile Gaboriau. Baadaye akaja Sherlock Holmes wa Mwingereza Arthur Conan Doyle. Tafsiri ziliandikwa kwa mkono katika madaftari, na nyingi hazikupata kuchapishwa. Sherlock Holmes huyo huyo ndiye aliyekuja kutufikia sisi kwa kanzu ya Kizanzibari, na kiko chake mdomoni, kwa jina la Bwana Msa wa marehemu Muhammed Said Abdulla.

Nje ya kuta za kasri nako watu walizipenda hadithi hizo. Mwaka 1884 Ahmet Mithat, mwandishi aliyesomwa sana Istanbul, alitoa riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya upelelezi kuandikwa kwa Kituruki. Serikali haikuona ubaya. Mauaji ya kubuni yaliruhusiwa. Yaliyokatazwa ni ya kweli. Wanahistoria husimulia kwamba mfalme wa Serbia na mkewe walipouawa na maofisa wao wa jeshi mwaka 1903, magazeti ya Istanbul yaliandika kuwa wamekufa kwa kuvimbiwa na chakula. Haikufaa msomaji ajue kwamba wafalme huuawa. Usiku ule ule, Sultan mwenyewe yuko kitandani anasomewa nani kamuua nani.

Turudi kwa ami. Miaka mitano baada ya kifo kile, Abdulhamid aliifungua upya kesi. Juni 1881, katika hema kubwa lililopigwa ndani ya viwanja vya Yıldız, watu kadhaa walishtakiwa kwa kumuua Abdulaziz. Miongoni mwao alikuwa mpiga mieleka na watumishi wa kasri, waliodaiwa kulipwa waifanye kazi ile, na juu yao Midhat Pasha, waziri mkuu wa zamani na baba wa ile katiba. Kesi ilimalizika kwa siku chache. Midhat alihukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha uhamishoni Taif, na mwaka 1884 akanyongwa huko gerezani.

Mimi sina shaka kwamba Sultan alimlilia ami yake kwa kweli. Lakini hapa ndipo tamthilia inapotupitisha njia ya mkato. Mpelelezi wa hadithini huanza na alama ya kiatu akaishia kwa mtu. Kesi ya Yıldız ilianza na mtu: waziri ambaye Sultan alikuwa na kila sababu ya kutaka aondoke. Ushahidi ukatafutwa wa kumfikia yeye. Ndiyo maana wanahistoria wengi hawaikubali hukumu ile, na wapo mpaka leo wanaoshikilia kwamba Abdulaziz aliuawa, na wanaoshikilia kwamba alijiua.

Mapenzi yake ya vitabu yaliingia hata katika utawala. Mwaka 1901, akitimiza miaka 25 kitini, alitaka kuwasamehe baadhi ya wafungwa, akaamrisha wapigwe picha huku mikono yao ikionekana wazi. Watafiti wa albamu za picha za Yıldız wanaeleza sababu: alikuwa amesoma katika riwaya moja kwamba mwenye kidole gumba chenye pingili ndefu kupita kiasi ana tabia ya kuua. Cheka ukipenda, lakini kuna watu ambao huenda kesho yao iliamuliwa na urefu wa gumba.

Na kulikuwa na wapelelezi wa kweli. Dola nzima ilijaa wapasha habari waliopeleka Yıldız taarifa za siri, jirani akimwandikia jirani, ofisa akimwandikia mkubwa wake. Nyingi zilikuwa uzushi wa watu waliotaka cheo au bahashishi. Alipoangushwa, karatasi hizo zilitolewa kasri magunia kwa magunia.

Si kwamba woga wake ulikuwa wa bure. Ijumaa ya tarehe 21 Julai 1905, alipotoka kuswali msikiti wa Hamidiye, alisimama kidogo kuzungumza na Sheikhul-Islam. Dakika hizo ndizo zilizomwokoa, kwani gari la farasi lililojazwa baruti lililipuka mahali ambapo angekuwa amefika, na watu 26 wakafa. Wanamapinduzi wa Kiarmenia ndio waliolipanga. Safari hii upelelezi ulifanywa kama vitabuni: mabaki ya gari yakafuatwa hadi Vienna lilikotengenezwa, na Mbelgiji mmoja, Edward Joris, akakamatwa na kuhukumiwa kifo. Sultan hakumnyonga, alimsamehe, akarudi kwao. Lakini tukilitaja shambulio hilo, ni haki kutaja pia kwamba kati ya 1894 na 1896 Waarmenia kwa maelfu na maelfu walichinjwa chini ya utawala wake. Tamthilia hailikalii jambo hilo, na wapenzi wake huku kwetu pia hawapendi kulisikia.

Mwaka 1907 Conan Doyle mwenyewe akafika Istanbul, akiwa fungate na mke wake mpya, Jean. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Sultan hakumwona uso kwa uso. Alimtuma msimamizi wa kasri kumjulisha kwamba vitabu vyake amevisoma, akampa nishani ya Majidi, na mkewe akapewa nishani ya Shafaka. Wageni hao wakapata pia kuutazama usiku wa Lailatul-Qadr kutoka ghorofani mwa msikiti wa Aya Sofia, chini yao taa na waumini wasio na idadi. Nishani ya Majidi si ngeni kwetu. Miaka ishirini na kitu nyuma yake, Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija na kadhi wa Unguja, aliyemsomesha Sheikh al-Amin Mazrui wetu wa Mombasa, alikwenda Istanbul kutafuta elimu akatunukiwa nishani hiyo na Sultan huyu huyu. Sijui mwingine aliyewaweka kwenye orodha moja Ibn Sumayt na mtungaji wa Sherlock Holmes.

Reli ya Hijaz, aliyoianzisha mwaka 1900 kwa michango ya Waislamu wa kila upande, ilifika Madina mwaka 1908. Mwaka huo huo maofisa wa jeshi walimlazimisha kulirudisha bunge, na tarehe 27 Aprili 1909 wakamwondoa kabisa. Alipelekwa Salonika, akafungiwa katika jumba moja na jamaa zake wachache. Vita vya Balkan vilipokaribia, mwaka 1912, akarudishwa Istanbul, jumba la Beylerbeyi, na huko akafariki tarehe 10 Februari 1918.

Midhat Pasha alibaki Taif hadi mwaka 1951, ndipo mifupa yake ilipoletwa kuzikwa Istanbul. Abdulhamid amelazwa katika kaburi la babu yake, Sultan Mahmud wa Pili, kwenye barabara ya Divanyolu. Hatua chache pembeni yake, chini ya kuba hilo hilo, amelala ami yake Abdulaziz.