Johann Joachim Quantz (1697-1773): Mpiga Filimbi, Mwalimu na Mwandishi

Makala haya yanahusu maisha ya Johann Joachim Quantz, mpiga filimbi wa Ujerumani ambaye wanamuziki humkumbuka zaidi kwa kuwa alikuwa mwalimu wa mfalme. Sisi wa isimu tunayo sababu nyingine ya kumkumbuka, nayo tutaifikia.

Quantz alizaliwa tarehe 30 Januari 1697 katika kijiji cha Oberscheden, karibu na Göttingen. Baba yake alikuwa mhunzi, na alikusudia mwanawe arithi kazi ya fuawe. Baba huyo alifariki mwaka 1707, na mwaka uliofuata yatima akaenda Merseburg kwa ami yake, mwanamuziki wa mji. Ami naye akafa baada ya miezi michache, lakini mrithi wake katika kazi akamweka kijana hadi uanagenzi ulipokwisha mwaka 1713. Mwanamuziki wa mji wakati huo alitakiwa kuvijua vyombo vyote. Hivyo Quantz alijifunza fidla, tarumbeta, zeze kubwa la besi na vingine vingi, likiwemo zumari la Kizungu liitwalo obo.

Ni zumari hilo lililompatia ajira mwaka 1718 katika bendi ya Kipolandi ya Mfalme Augustus II. Hata hivyo, waliomtangulia kazini walikuwa wengi, na njia ya kupanda cheo ilikuwa imezibwa. Mwaka 1719 akageukia filimbi, akafunzwa kwa muda wa miezi minne tu na Mfaransa Pierre-Gabriel Buffardin. Kuanzia mwaka 1724 hadi 1727 alisafiri Italia, Ufaransa na Uingereza. Huko Naples, Alessandro Scarlatti, ambaye hakuvipenda vyombo vya kupuliza kwa kuwa aliona havipatani sauti, alikubali kumsikiliza. Huko Paris aliiongezea filimbi yake kibonyezo cha pili, na huko London, Handel alimshauri abaki. Hakubaki.

Mwaka 1728 alianza kumfundisha Friedrich, mwana wa mfalme wa Prussia. Hapa ualimu ulikuwa jambo la hatari, kwani mfalme Friedrich Wilhelm I aliuona muziki wa mwanawe kuwa uzembe usiomfaa askari. Masimulizi yaliyoandikwa baadaye yanaeleza jinsi siku moja mfalme alivyoingia ghafla, na mwalimu akafichwa ndani ya kijichumba cha jiko la kupashia moto pamoja na Luteni Katte, rafiki wa mwanafunzi. Huenda masimulizi hayo yametiwa chumvi. Ambalo halina shaka ni kwamba mwaka 1730, baada ya jaribio la kutoroka kushindikana, Katte alikatwa kichwa kwa amri ya mfalme huyo huyo. Quantz aliendelea kwenda kufundisha.

Mwanafunzi alipotawazwa mwaka 1740, fadhila zilirudi. Tangu Desemba 1741 Quantz alilipwa taler 2,000 kwa mwaka maisha yake yote, pamoja na malipo ya ziada kwa kila utungo na kila filimbi aliyoitengeneza. Carl Philipp Emanuel Bach, mpiga kinanda wa ikulu hiyo hiyo, alianzia taler 300. Kwa maoni yetu, tofauti hiyo haielezeki kwa kipaji. Mfalme alikuwa akilipa deni la ujana wake.

Mwaka 1752 Quantz alichapisha mjini Berlin kitabu chake kikubwa cha mafunzo ya filimbi, chenye sura 18. Sehemu kubwa yake haihusu filimbi bali ladha, uandamanishaji, na namna ya kuupima muziki. Lakini sura inayotuhusu ni ile ya ulimi. Quantz anaeleza kwamba noti fupi na changamfu zianzishwe kwa silabi *ti*, zile za taratibu kwa *di*, na mfululizo wa haraka kwa *did’ll*. Ni dhahiri kwamba mpigaji hatumii nyuzi zake za sauti. Kwa hiyo tofauti ya ghuna na sighuna haiwezi kusikika kama katika maneno *dua* na *tua*. Kinachobaki ni nguvu ya mguso wa ulimi, na hicho ndicho alichokilenga. Aidha, katika *did’ll* aliona kwamba pumzi hupita pande zote mbili za ulimi, yaani alikieleza kitambaza bila kuwa na istilahi yake. Silabi isiyo na irabu haiwezi kumshangaza msemaji wa Kiswahili anayetamka *mtu* kila siku.

Quantz alifariki Potsdam tarehe 12 Julai 1773. Konseto zake, zipatazo 300, nyingi zilikuwa za chumba cha mfalme na hazikuchapishwa. Kitabu kilitoka nje ya ikulu: tafsiri ya Kifaransa ilitolewa mwaka ule ule wa 1752, ya Kiholanzi mwaka 1754, na toleo la Kijerumani likachapwa tena mwaka 1780 na 1789, likiwafikia wapigaji wasio na mwalimu.