John Ford na Hekaya ya Magharibi
John Ford alizaliwa mwaka wa 1894 katika jimbo la Maine, mashariki mwa Marekani, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Ireland. Mwaka wa 1914 alimfuata kakake Francis hadi California, akaingia katika tasnia ya filamu. Katika The Iron Horse (1924) alisawiri ujenzi wa reli iliyovuka bara na kukamilika mwaka wa 1869. Kuelekea magharibi kukawa ndiyo maana ya maendeleo. Baadhi ya mandhari ya Stagecoach (1939) yalipigwa Monument Valley, nchi ya Wanavajo. Wenyeji hao waliigizishwa kama Waapache, tishio lisilo na usemi. Hata hivyo, kadiri umri ulivyosonga, ndivyo shaka ilivyomwingia. The Searchers (1956) ilimfichua shujaa aliyejaa chuki dhidi ya Wakomanche. Cheyenne Autumn (1964) iliwaonyesha Wacheyenne wakirejea kwao kaskazini, ingawa nafasi kuu walipewa waigizaji wasio wa kabila hilo. Ford aliaga dunia mwaka wa 1973, akiwa ameijenga hekaya hiyo na kuanza kuihoji, asiikamilishe kazi ya kuwapa wenyeji sauti yao.