Sir Albert Cook: Daktari aliyeandika maumivu ya watu

KILA Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua duka, napanda mlima wa Namirembe hapa Kampala kwa miguu. Si matembezi ya starehe. Ni sehemu ya tiba niliyopewa na mtaalamu wa viungo kwa ajili ya kiuno changu, ambacho sasa huu ni mwaka wa nne kinaniuma.

Juu kule, karibu na kanisa kuu, yapo makaburi. Moja ni la Sir Albert Ruskin Cook, aliyefariki dunia mwaka 1951. Nilikuwa nalipita tu, hadi siku moja nilipoketi kupumzika, nikasoma jina lake na kuanza kuuliza habari zake.

Cook alizaliwa mwaka 1870 huko London. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Shirika la wamisionari la CMS likamtuma Uganda.

Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ndiyo kwanza inaanza kujengwa. Yeye na wenzake wakaja kwa miguu kutoka pwani na kufika Mengo Februari 1897. Sisi tunaolalamikia foleni ya malori Malaba na Busia hatuna budi kuwavulia kofia.

Katika msafara huo alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka 1900. Baadaye mama huyo ndiye aliyesimamia mafunzo ya wakunga wa Kiganda.

Mwaka huohuo wa 1897 Cook alianzisha hospitali ya Mengo, katika jengo la matete na nyasi. Haukuisha mwaka askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Waingereza wakaasi, na Cook akaenda Busoga kuwahudumia majeruhi.

Mwaka 1902 radi iliteketeza hospitali. Akajenga upya. Tayari alikuwa amepata msaada wa ndugu yake, Dk. Jack Cook, aliyemfuata mwaka 1899. Ni ndugu hawa wawili ambao mwaka 1901 waligundua kwamba ugonjwa wa malale umeingia Uganda.

Lakini yaliyonigusa zaidi ni mambo mawili madogo. La kwanza, Cook aliandika. Kila mgonjwa alikuwa na maelezo yake: anaumwa nini, ameonekana na nini, amepewa nini, na mwisho wake umekuwaje.

Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt wa Mulago alipochapisha habari za saratani ya taya za watoto, wenzake walirudi kwenye kumbukumbu za Mengo. Wakakuta Cook alikwisha kuandika habari za watoto wa namna hiyo mwanzoni mwa karne.

La pili, alijifunza Kiluganda na kutunga kitabu cha maneno na maswali ya tiba kwa lugha hiyo. Alijua kwamba daktari asiyeelewa mgonjwa anavyotaja maumivu yake anapiga ramli tu.

Hapo nikajiona mwenyewe. Nilirejea Kampala baada ya miaka mingi Mwanza, nikiwa na Kiswahili kizuri na Kiluganda cha kuombea maji. Nikaingia biashara ya vitenge, mizigo nikibeba mwenyewe. Kiuno kilipoanza kuuma nilikwenda duka moja la dawa, nikashika mgongo na kukunja uso. Nikapewa vidonge.

Kwa miaka miwili nilimeza vidonge hivyo bila kuulizwa swali hata moja. Kiuno hakikupona, na tumbo nalo likapata vidonda.

Siku nilipofika kwa daktari bingwa, hakuanza na dawa. Muuguzi aliyejua Kiswahili aliketi nasi. Nikaulizwa: yanachoma au yanavuta? Kuna ganzi? Yanashuka mguuni? Usiku unalala? Kutoka sifuri hadi kumi, leo ni ngapi? Nikaambiwa niwe naandika kwenye daftari kila siku.

Nilielezwa kwamba maumivu yanayozidi miezi mitatu huhesabiwa kuwa sugu. Mara nyingine jeraha hupona lakini mishipa ya fahamu hubaki kama mbwa mkali anayebweka hata kwa mpita njia. Ndiyo maana picha ya eksirei inaweza kuwa safi na mtu bado anaumia kweli. Hajifanyi.

Tiba yangu ni mazoezi, kutembea, kulala vizuri, kugawa mizigo, na dawa chache kwa kipimo. Sikuahidiwa sifuri. Nilitoka nane, sasa niko tatu, na biashara inakwenda.

Cook hakuwa malaika. Katika vita yake dhidi ya kaswende alitia chumvi ukubwa wa ugonjwa. Wanahistoria wanasema baadhi ya aliowahesabu pengine walikuwa na buba, na ukaguzi wa lazima ulioletwa na kampeni ile uliwachukiza watu. Hata mwandishi mzuri hukosea asipowasikiliza wote.

Kampala yenyewe haikuishia kwa Cook. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akaleta mofini ya kunywa kwa wagonjwa wa saratani. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika. Mofini hiyo si ya kiuno kama changu, ila inaonyesha kwamba maumivu yana wataalamu wake.

Ndugu yangu unayevuka Busia, Malaba au Mutukula na furushi mgongoni, nunua daftari la shule. Andika wapi panauma, tangu lini, na nini kinazidisha. Taja na dawa ulizokwisha kumeza. Nenda nalo kwa daktari, na kama lugha inakupiga chenga, omba mtu wa kutafsiri.

Ukiona miguu inakufa ganzi, haja inakutoka bila kujua, una homa au unakonda bila sababu, usingoje daftari lijae. Nenda siku hiyohiyo.

Mimi Jumamosi nitapanda tena Namirembe, na daftari langu mfukoni.